Merikebu Yenye Mlango Mbele

Wavuvi wakifika pwani wanavuta mtumbwi wao juu ya mchanga, na kazi imekwisha. Merikebu kubwa haiwezi kufanya hivyo. Tumbo lake linazama sana ndani ya maji. Ikikaribia nchi kavu, inakwama mbali. Kwa hiyo inahitaji bandari.

Katika Vita Kuu ya Pili, bandari nyingi za Ulaya zilikuwa mikononi mwa Wadachi. Mwaka 1940 Waingereza walikimbia kutoka Dunkerque, katika nchi ya Ufaransa. Askari wengi waliokoka, lakini vifaru na mizinga yao iliachwa nyuma. Basi, wangerudije na vifaru pasipo bandari? Kifaru kimoja kiliweza kuwa na uzito wa tani 30.

Mwaka 1941 fundi mmoja wa Marekani, John Niedermair, alichora merikebu ya namna mpya. Urefu wake ulikuwa mita 100, upana wake mita 15, na chini yake ilikuwa bapa. Tena ilikuwa na matangi makubwa tumboni. Katika bahari kuu mabaharia waliyajaza maji, merikebu ikawa nzito na kushuka, isiyumbe mno. Karibu na pwani waliyatoa maji kwa pampu, nayo ikapanda juu. Hapo ilikwenda moja kwa moja hata kugusa mchanga. Milango miwili ya mbele ilifunguka kama milango ya ghala, ulalo wa chuma ukashuka, na vifaru vikatoka.

Iliondokaje tena? Kabla ya kugusa pwani, mabaharia walitupa nanga ya nyuma. Kazi ilipokwisha, mashine ilivuta kamba ya chuma ya nanga ile, na merikebu ikajitoa mchangani.

Lakini haikuwa na mbio. Mabaharia wenyewe walisema kwa mzaha kwamba ni shabaha kubwa ya polepole. Hata hivyo Marekani iliunda zaidi ya 1,000 za namna hii. Hazikupewa majina, ila namba tu.

Moja ilikuwa namba 325. Ilishushwa majini huko Philadelphia mwaka 1942. Mwaka 1943 ilipeleka askari Sicilia, kisha Salerno katika Italia. Tarehe 7 Juni 1944 ilifika Normandie, katika Ufaransa, ikiwa na magari 59 na askari zaidi ya 400. Iliporudi Uingereza ilichukua majeruhi 38. Ikavuka bahari ile tena na tena, zaidi ya mara 40.

Tarehe 28 Desemba 1944 merikebu nyingine, Empire Javelin, iliyojaa askari, ilipasuka na kuanza kuzama. Namba 325 ilikwenda kuwasaidia, ikaokoa watu kama 700. Chombo kilichoundwa kwa ajili ya vita siku ile kiliponya watu.

Mwaka 1964 ilipewa Wagiriki. Hao ndio walioipa jina, Syros, yaani jina la kisiwa chao. Iliwatumikia hata mwaka 1999.

Basi wazee wa Marekani, waliokuwa mabaharia zamani, hawakutaka ivunjwe iwe chuma tu. Mwaka 2000 walikwenda Kreta, wakatengeneza mashine zake kwa mikono yao. Umri wao kwa wastani ulikuwa miaka 72. Watu wengi walidhani hawataweza. Lakini walivuka bahari, kilomita zaidi ya 10,000, wakafika Mobile tarehe 10 Januari 2001.

Tangu mwaka 2005 makao yake ni Evansville, kando ya mto Ohio, mji uliounda merikebu 167 za namna hii. Watu wanaingia ndani yake kuitazama.

Maulizo
1. Kwa nini matangi yalijazwa maji, kisha yakatolewa maji?
2. Nanga ya nyuma ilikuwa na kazi gani?
3. Wazee walifanya nini mwaka 2000?