Mbona Uko SHA na Bado Hosi Inakuitisha Doh?

Kila mtaa uko na stori ya SHA, na nyingi zinafanana. Mse alijiandikisha, akapata meseji, akajua sasa mambo ni fiti. Halafu mathe akalazwa, na pale kaunta wakamwambia atoe doh. Wengi wanamwagia karani matusi, lakini shida ilianza kitambo: kujiandikisha ni kitu moja, kulipa ni kitu ingine kabisa.

NHIF tulikuwa nayo tangu 1966. Sheria mpya ikatiwa sahihi Oktoba 2023, na tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikaingia. Ndani yake kuna mifuko mitatu, na ukiijua, hakuna mtu atakuzungusha.

Wa kwanza ni wa huduma za msingi, yaani zahanati na vituo vya afya, levo 2 na 3. Pesa inatoka kwa serikali, so ni ushuru wako. Hapa kujiandikisha kwa *147# kunatosha. Mtoi akiwa na malaria, anza hapo, usikimbilie hospitali kubwa. (Kama utapata dawa ziko, hiyo ni ngoma ingine.)

Wa pili ndio SHIF, na hapa ndipo wasee wanaumia. Unagharamia levo 4 hadi 6: kulazwa, upasuaji, kujifungua kwa hospitali kubwa. Huu lazima uwe umelipia.

Ukiwa umeandikwa kazi, unakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine. Wa 20,000 anakatwa 550, na NHIF ilikuwa inamchuna 750, so huyo amepumua. Wa 50,000 ametoka 1,200 hadi 1,375. Wa 100,000 ndiye analia: alikuwa analipa 1,700, sasa ni 2,750. Na hakuna kikomo. Mkubwa wa laki tano anaachia 13,750 kila mwezi. Kwangu hiyo ni haki, hata kama najua kuna watu watanikasirikia.

Sasa wewe wa boda, wa mitumba, mama mboga. Huna pesilipu, kwa hivyo mfumo unakuuliza maswali: nyumba ni ya mawe ama mabati, choo ni cha aina gani, unapikia nini, uko na mifugo? Majibu yako yanapiga hesabu ya unachotakiwa kulipa. Cha chini kabisa ni soo tatu kwa mwezi, lakini kuna ka-mtego: unatakiwa kulipa mwaka mzima mara moja. Yaani 3,600 ukiwa wa chini kabisa, na wengi wanaambiwa zaidi. Mzee wa ushago ana ng'ombe wawili na ukuta wa mawe aliojengewa na watoto, mfumo unamwona tajiri, na mfukoni hana hata soo. Ndio maana wakaleta Lipa SHA Pole Pole, mkopo wa kulipia mwaka halafu unarudisha kidogo kidogo. Inasaidia, lakini bado ni deni.

Mfuko wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu. Unaingia pale SHIF imefika mwisho. Kwa kansa, SHA ilipoanza SHIF ilikuwa inatoa hadi 400,000 kwa mwaka kwa familia, halafu huu ulikuwa unaongeza 150,000. Mtu wa chemo anajua hiyo inaisha haraka. Na pesa yake inategemea Hazina itoe, na Hazina tunaijua.

Kuhusu pesa, Mkaguzi Mkuu wa Serikali alisema kwa ripoti yake kwamba mfumo wa kompyuta wa SHA, wa KSh bilioni 104.8, hata si mali ya serikali. Hiyo tutaichambua siku yake.

Kama kwenu kuna mtu ana mimba, msingoje. Enzi za Linda Mama alikuwa anajifungua bila kulipa kitu. Sasa SHA inatoa 10,000 kwa kujifungua kawaida na 30,000 kwa upasuaji, na hospitali ya kibinafsi ikiitisha zaidi, tofauti ni yenu. Piga *147# leo, angalia malipo yenu yanaisha lini na kama yeye ameongezwa kwa familia. Halafu pitia hosi mliyochagua muulize bei yao mapema, kabla uchungu uanze saa nane usiku.