Pima mpini wa fimbo ya gofu kabla ya kuununua

Mkulima wa Chekalini, Kaunti ya Kakamega, hanunui mpini wa jembe kabla ya kuupima mkononi. Anayesafiri hadi Kitale au Eldoret kucheza gofu yampasa kufanya vivyo hivyo, badala ya kutazama jina la kampuni pekee.

Mpini wa fimbo ya gofu hupinda unapopiga. Ukiwa laini mno kwa mtu mwenye kasi, mpira hupaa na, kwa atumiaye mkono wa kulia, mara nyingi huelekea kushoto. Ukiwa mgumu mno, huenda chini na kuelekea kulia.

Ugumu huonyeshwa kwa herufi: L ni laini kabisa, kisha A, R, S na X. Hata hivyo, hakuna kipimo kimoja kwa watengenezaji wote; R ya kampuni moja yaweza kukaribia S ya nyingine. Ndiyo maana majaribio ni ya lazima.

Uzito nao una athari. Mpini wa chuma aghalabu huwa na gramu 90 hadi 130. Wa grafaiti, gramu 50 hadi 80. Mwenye maumivu ya kiwiko huona nafuu kwa grafaiti, kwani hupunguza mtikisiko.

Piga mipira kumi kwa kila mpini, uwanja ukiwa ule ule, maana katika miinuko ya Kitale mpira husafiri mbali kuliko Mombasa. Usivutiwe na mpira mmoja uliofika mbali. Chagua mpini ambao mipira yake imetua karibu karibu.