Kinga ya ufuo kwa mmoja huwa hasara kwa jirani

MZOZO kuhusu mmomonyoko wa fuo za bahari hauishi kwa sababu mchanga ni mali ya wote, lakini kila mmoja hutaka ubaki mbele ya boma lake.

Mawimbi yanapofika pwani kwa mshazari, hupandisha mchanga kwa upande, kisha maji hurudi moja kwa moja baharini. Hivyo, mchanga husafiri hatua kwa hatua kandokando ya ufuo. Ukizuiwa mahali, hurundikana hapo, huku ufuo wa mbele ukikosa wa kuziba pengo na kuanza kuliwa.

Hali hii imeshuhudiwa waziwazi Afrika Magharibi, ambako mchanga husafiri kutoka magharibi kuelekea mashariki, ukivuka mpaka wa Ghana na Togo hadi Benin.

Mnamo 1965 Ghana ilikamilisha bwawa la Akosombo, ambalo hunasa mchanga wa Mto Volta. Miaka mitatu baadaye, bandari ya Lomé ilifunguliwa nchini Togo. Kuta zake zilizuia mchanga upande wa magharibi, na ufuo huko ukapanuka.

Mashariki yake mambo yalikuwa kinyume. Katika vijiji vya kuelekea Agbodrafo na Aného, bahari imemeza nyumba na mashamba ya minazi.

Hapo ndipo mgogoro ulipo. Bandari ni tegemeo la uchumi wa taifa, lakini gharama yake hubebwa na wavuvi wasiopokea ushuru wake. Aidha, uchotaji wa mchanga wa ujenzi ufuoni ulizidisha madhara hadi Togo ikaupiga marufuku mwaka wa 2011.

Ghana nayo ilijenga vizuizi vya mawe kuokoa mji wa Keta mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hata hivyo, wakazi wa vijiji vya mashariki yake waliendelea kupoteza ardhi, na serikali ikalazimika kujenga vizuizi vingine Blekusu.

Ipo njia ya kuvusha mchanga kwa pampu hadi upande wa pili wa kizuizi. Lakini kazi hiyo haina mwisho, na swali la nani atagharimia huzua ubishi upya. Ndiyo sababu Togo na Benin, chini ya mpango ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka wa 2018, ziliamua kukinga kwa pamoja ufuo wa Agbodrafo hadi Grand-Popo.

Humu nchini, mchanga husukumwa na mawimbi ya kusi na ya kaskazi, na wapo wenye hoteli na nyumba waliojenga kuta ufuoni. Sheria ya mazingira ya 1999 inadai tathmini ya athari kabla ya miradi mikubwa kuanza. Funzo la Lomé ni kwamba tathmini isiishie kwenye mpaka wa ploti, bali ifuate safari ya mchanga hadi kwa jirani wa mwisho.