Shanta Hupanda Gari, Hujaji Hutembea

Saa moja na nusu asubuhi, kwenye mapokezi ya gesti za Sarria, mji mdogo wa kaskazini-magharibi mwa Hispania, mashanta huwa yamepangwa ukutani kama magunia yanayosubiri lori la sokoni. Kila moja limefungiwa bahasha ndogo kwenye mkanda. Juu ya bahasha mwenyewe ameandika jina, namba ya simu na gesti atakayolala usiku ule. Ndani ametia euro chache. Wenye mizigo wamekwishaondoka, mkononi fimbo na chupa ya maji. Ikigonga saa mbili linapita gari dogo, dereva anapakia, anakusanya bahasha, anaelekea gesti inayofuata. Mchana hujaji akiingia Portomarín, kilomita 22 mbele, anakuta shanta lake limetangulia.

Anayetaka kuelewa fedha za njia ya hija ya Santiago de Compostela aanze na bahasha ile. Kulibebesha gari shanta kwa mwendo wa siku moja hugharimu kati ya euro 4 na 7 hivi, bei ya chakula chepesi cha mchana. Kwa mtu mmoja si kitu. Lakini mwaka 2024 ofisi ya mahujaji ya Santiago ilitoa vyeti karibu 500,000 kwa waliofika, na mwaka 1986 ilitoa pungufu ya 2,500. Piga hesabu mwenyewe.

Ukuaji huo haukuja kwa bahati. Hija ya kwenda kwenye kanisa kuu ambamo, kwa imani ya Wakatoliki, umelazwa mwili wa Mtume Yakobo, ilianza karne ya 9, ikafurika watu Enzi za Kati, kisha ikafifia hadi wakabaki wachache wa kuhesabika. Mwaka 1984 padri Elías Valiña, paroko wa kijiji cha O Cebreiro, alianza kupaka mishale ya njano kwenye miti na mawe ili watu wasipotee. Mwaka 1987 Baraza la Ulaya likaitangaza njia hii kuwa ya kwanza katika orodha yake ya njia za kitamaduni. Mwaka 1993 UNESCO ikaiingiza kwenye urithi wa dunia, na mwaka huohuo serikali ya jimbo la Galicia ikaipigia debe kwa kampeni kubwa ya Xacobeo, ikajenga mabweni ya mahujaji. Baadaye vitabu na filamu vikamalizia. Kitabu cha mchekeshaji Hape Kerkeling cha 2006 kiliwatoa Wajerumani majumbani, na filamu ya *The Way* ya 2010 ikafanya kazi hiyohiyo Marekani. Leo Wamarekani ni wa pili kwa wingi baada ya Wahispania wenyewe.

Ila kanuni moja ya kanisa ndiyo iliyolichora soko hili kuliko tangazo lolote. Cheti, kinachoitwa Compostela, hupewa aliyetembea walau kilomita 100 hadi Santiago, au aliyekwenda kwa baiskeli walau kilomita 200, kwa nia ya dini au ya kiroho. Njia ya Kifaransa, ile inayopita Sarria, ni ya kilomita 780 hivi kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port, Ufaransa, kazi ya wiki tano. Nani mwenye likizo ya wiki tano? Sarria iko kilomita 115 hivi kutoka Santiago, siku tano au sita za mwendo, na ina kituo cha treni. Karibu mahujaji 3 kati ya kila 10 huanzia hapo. Hakuna aliyeiandika kanuni ile kuwa sera ya uchumi, lakini imeujaza mji mmoja vitanda na kuiacha mingine ikipungiwa mkono na wapita njia.

Na kanuni inasema utembee. Haisemi ubebe. Mwanya huo ndio uliozaa biashara ya mashanta, na nyuma ya shanta linafuata jambo jingine kubwa zaidi. Mabweni ya umma ya Galicia, yale ya takriban euro 10 kwa kitanda, hayapokei mizigo iliyoletwa na gari wala hayaweki nafasi kwa simu. Anayewahi ndiye anayelala. Aliyetuma shanta lake lazima awe ameshajua atalala wapi, kwa hiyo lazima alale kwa mtu binafsi, kwa euro 15 au 20 bwenini, au zaidi sana kama anataka chumba chake na bafu lake. Akishalala hapo atakula hapo, ile sahani ya hujaji yenye vyakula vitatu na divai. Atafuliwa nguo. Kesho yake mwenye gesti anampigia simu dereva. Kwa hiyo zile euro 5 za bahasha ndizo zinazomwelekeza mteja mlango wa kuingia, na wenye gesti wanalijua hilo vizuri kuliko wachumi.

Hata shirika la posta la Hispania, Correos, limeingia humo. Barua zimekauka kama zilivyokauka kila mahali, ila magari yapo, njia za vijijini zipo, na wafanyakazi wanaojua nyumba zilipo wapo. Posta ikaanza kubeba mashanta kwa jina la Paq Mochila, ikishindana na kampuni za wenyeji zilizotangulia. Kwa maoni yangu hakuna mfano bora wa shirika la umma lililotafuta kazi mpya kwa vifaa vya zamani.

Juu ya hapo kuna ngazi ya wenye nacho: mawakala wanaouza safari nzima ya Sarria hadi Santiago, vyumba vimewekwa, mizigo inabebwa, namba ya simu ya dharura mfukoni, na teksi ikibidi. Ngazi hii hupigwa picha sana, ila haina miujiza. Ni bahasha ileile, imejazwa zaidi.

Muhuri nao una uchumi wake. Kila hujaji hubeba pasi ya kukunja, na katika zile kilomita 100 za mwisho anatakiwa agongewe walau mara mbili kwa siku ili kuthibitisha kwamba hakupanda basi. Makanisa hugonga. Lakini makanisa mengi ya vijijini hufungwa mchana, na baa hazifungwi. Basi muhuri umekaa kaunta, kando ya mashine ya kahawa, na anayeingia kugongewa ni nadra atoke bila kunywa kitu. Cheti chenyewe mwisho wa safari ni bure. Kinachouzwa ni kila kitu kinachokizunguka.

Wapo wanaochukizwa na haya. Wahispania wana neno la kejeli, *turigrino*, yaani mtalii na hujaji waliotiwa chungu kimoja, na aliyetoka Ufaransa na shanta la kilo 10 mgongoni huwatazama wanaoanzia Sarria na begi la mkononi kwa jicho la pembeni. Naielewa hasira ya mtu mwenye malengelenge. Hata hivyo historia haiko upande wake. Kwenye Codex Calixtinus, mkusanyo wa karne ya 12 wa maandiko ya hija hii, kuna hotuba inayowalaani wenye nyumba za wageni: wanawaonjesha mahujaji divai nzuri kisha wanawauzia mbaya, wanawapa samaki wa siku mbili tatu. Hotuba kali namna hiyo haiandikwi kama biashara haijakomaa. Na jengo la kifahari kuliko yote Santiago, hoteli ya nyota tano iliyo ubavuni mwa kanisa kuu, ilianzishwa na watawala wa Hispania, Fernando na Isabel, mwaka 1499 kama hospitali ya mahujaji. Ikageuzwa hoteli mwaka 1954. Imebaki na mila ya kuwalisha bure mahujaji 10 wa kwanza kila siku.

Na kuna vijiji ambavyo bila starehe hizi visingekuwepo. Foncebadón, juu kwenye milima ya León, katika miaka ya 1990 kilibaki na mama mmoja na mwanawe. Nyumba nyingine zilikuwa mawe yaliyoporomoka. Leo kina gesti na mikahawa, na taa huwaka usiku. Waliozirudisha ni watu waliotaka supu ya moto na kitanda baada ya kupanda mlima.

Ninaloliona kuwa kasoro ni jingine: msongamano wa mwisho wa njia. Huku mwisho kukifurika, kati ya Burgos na León kuna nyanda za ngano zisizo na kivuli, ambazo wenye haraka huziruka kwa basi, na msimu wenyewe ni mfupi. Baridi ikiingia gesti nyingi hufunga na wafanyakazi hurudi makwao. Hata hivyo biashara hii si ya Hispania peke yake: Wajapani, ambao njia zao za hija za Kumano ziliingia urithi wa dunia mwaka 2004, nao wana huduma ya kupeleka mizigo mbele, na tangu 2015 kuna cheti cha pamoja kwa aliyetembea kwao na Santiago. 

Huku kwetu Afrika Mashariki, mahujaji wa Namugongo, Uganda, hutembea mamia ya kilomita kutoka Kenya na Tanzania, na wengine kutoka majimbo ya mbali ya Uganda yenyewe, ili wafike sikukuu ya Mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni. Njiani hupokelewa na maparokia, hulala madarasani na makanisani, na biashara kubwa huonekana mwisho wa safari: rozari, vyakula, madumu ya kuchotea maji ya ziwa dogo la pale. Barabara yenyewe hupitwa tu. Mwenye gari dogo, simu na mwenzake wa kupokea mizigo huko mbele hahitaji mtaji mkubwa kujaribu, mradi aanze na parokia, maana ndizo zenye orodha ya watu, ratiba na imani yao.

Kwa anayefikiria Santiago: mwaka ambao 25 Julai, sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, inaangukia Jumapili huitwa Mwaka Mtakatifu, na watu huongezeka mno. Unaofuata ni 2027, na baada ya hapo hakuna mwingine hadi 2032. Vitanda vya Sarria viwekwe mapema.