KUMTEMBELEA MGONJWA HOSPITALINI

Kumjulia hali mgonjwa ni desturi njema. Ukifika katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba, au katika hospitali za Rubya, Ndolage na Kagondo wilayani Muleba, saa za kutazama wagonjwa, utaona watu wengi wakingoja. Baadhi yao wamebeba ndizi zilizopikwa, wengine wamebeba uji katika chupa. Mgonjwa akiwaona jamaa zake hufarijika. Lakini mgeni aweza kuingiza ugonjwa wodini, au kuuchukua huko na kuupeleka nyumbani. Katika somo hili utajifunza jinsi ya kuepuka mambo hayo mawili.

Njia za vijidudu

Vijidudu vya maradhi ni vidogo mno, havionekani kwa macho. Kila aina ina njia yake ya kuenea. Vya kifua kikuu hupita hewani mgonjwa anapokohoa. Ndiyo maana madirisha ya wodi huachwa wazi. Vya kipindupindu huingia kinywani pamoja na maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Vijidudu vingi husafiri juu ya mikono yetu.

Jaribio

Changanya mafuta kidogo ya kupikia na masizi ya sufuria. Jipake katika kiganja cha kulia. Mpe mkono mwenzako, naye ampe mwingine. Tazama kiganja cha mtu wa tatu. Unaona nini? Sasa nawa kwa maji matupu, na wenzako wanawe kwa maji na sabuni kwa sekunde 20. Mikono ya nani imetakata? Sabuni huyang'oa mafuta pamoja na masizi. Vijidudu navyo huondolewa vivyo hivyo.

Ugonjwa wa Marburg

Mwezi Machi 2023 ugonjwa wa Marburg uligunduliwa katika Wilaya ya Bukoba. Virusi vyake hupita katika damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa, hata ya maiti. Kwa hiyo walio hatarini zaidi ni wale wanaomhudumia kwa mikono yao, yaani ndugu na wahudumu wa afya. Watu 9 waliugua, na 6 kati yao walifariki. Watu zaidi ya 200 waliokuwa wamekaribiana na wagonjwa walichunguzwa kwa siku 21, kwa kuwa dalili zaweza kuchelewa muda huo. Tarehe 2 Juni 2023 ilitangazwa kwamba mlipuko umekwisha. Mwezi Januari 2025 ugonjwa ulitokea tena mkoani Kagera, safari hii wilayani Biharamulo, ukatangazwa kwisha mwezi Machi. Wakati kama huo, kukaa mbali si kumtupa mgonjwa. Salamu zako zaweza kupelekwa na muuguzi, au kwa simu.

UKIMWI ni tofauti. Wagonjwa 3 wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Virusi vyake hupita kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto wake. Havipiti kwa kupeana mikono wala kwa kula pamoja. Anayemkwepa mgonjwa huyo humwumiza bure. Basi, ukiijua njia ya ugonjwa, hutaogopa pasipo sababu, wala hutajiponza.

Mambo ya kuzingatia

1. Ukiwa na mafua, kikohozi au homa, usiende wodini. Mwili wa mgonjwa ni dhaifu.
2. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuingia na baada ya kutoka.
3. Usikae juu ya kitanda cha mgonjwa. Usiguse dripu wala kidonda.
4. Mwulize muuguzi kabla ya kumpa mgonjwa chakula. Anayengoja kupasuliwa hatakiwi kula.
5. Zungumza kwa sauti ya chini, wala usikae muda mrefu. Usimwulize mgonjwa habari za maradhi yake mbele ya watu.
6. Ukizuiwa kuingia, tii. Katazo hilo lawalinda mgonjwa na jamaa zako.

Maswali

1. Kwa nini madirisha ya wodi huachwa wazi?
2. Kwa nini waliokaribiana na wagonjwa wa Marburg walichunguzwa kwa siku 21?
3. Shangazi yako amelazwa, nawe una mafua. Eleza utakavyomjulia hali.