Injini Mpya kwa Pikapu Kuukuu



Wengi wetu tuishio hapa Guangzhou tumeacha nyumbani pikapu kuukuu, na juu ya magurudumu yake umo ulaji wa nyumba nzima: samaki wa Tanga, karafuu za Pemba, saruji ya Malindi. Siku injini inapokufa, simu hupigwa huku, kwani huaminika kwamba aliye China hakosi kipuri. Tumeona akiba za miaka zikiteketea kwa haraka ya namna hiyo.

Kwanza kijulikane kilichokufa. Fundi apime mgandamizo wa kila silinda kabla ya mtu kufungua mkoba. Katika injini za dizeli za Toyota za ukoo wa L, gari likichemsha hedi huweza kupasuka na bloku ikabaki nzima. Hedi na gasketi yake ni nafuu kuliko injini kamili.

Bloku ikiwa imekwisha, mbadala mwepesi ni wa ukoo uleule. Injini ya 2L ina ujazo wa sentimita 2,446, ya 3L 2,779, na ya 5L 2,986. Matundu ya bolti nyuma ya bloku zao yanalingana. Hivyo mwenye 2L aweza kufunga 3L na kubaki na giaboksi yake, ikiwa ni nzima. Ama anayetoka petroli kwenda dizeli, na ahesabu pia giaboksi, mabomba ya mafuta, stata, betri, ekzosi na nyaya. Gharama hizo hazionekani dukani.

Giaboksi ya gari linalosukumwa na magurudumu mawili haifai kwenye gari la manne, kwani haina kasha la kupeleka nguvu mbele. Na maadamu imeteremshwa, zibadilishwe pamoja sahani ya klachi, presha yake, beringi na sili ya nyuma ya kranki, ili ujira wa kuteremsha ulipwe mara moja. Mkanda wa taimingi nao uwe mpya. Ukikatika, vali hugongana na pistoni.

Wauzaji wa hapa, kama wale wa barabara ya Yongfu, hutaja bei ya kuvutia. Tuulize: ni injini kamili, au ni bloku na hedi tu, bila pampu ya dizeli, stata wala jenereta? Pampu peke yake yaweza kubatilisha unafuu wote.

Injini zilizotumika zina sheria yake. Kwa amri namba 307 ya mwaka 2001, serikali ya China iliagiza injini na giaboksi za magari yaliyofutwa zigeuzwe chuma chakavu. Amri namba 715, iliyoanza kutumika tarehe 1 Juni 2019, iliruhusu zile zinazofaa ziuzwe kwa viwanda vyenye uwezo wa kuzitengeneza upya. Haikufungua mlango wa kuziuza vichochoroni. Injini isiyo na karatasi yaweza kuwa ya wizi, na mali ya wizi haihalalishwi na urahisi wa bei. Tudai risiti yenye namba ya injini. Nyumbani nako namba hiyo itahitajika ili kadi ya gari irekebishwe.

Kabla ya kusafirishwa, oili na maji vimwagwe vyote na injini ifungwe katika sanduku la mbao. Mzigo wa kuchangia kontena hutozwa kwa mita za ujazo, na juu yake huja ushuru na gharama za bandari.

Jumla hiyo ilinganishwe na bei ya Gerezani mjini Dar es Salaam, au barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, ambako injini zilizotumika kutoka Japani huuzwa na fundi huweza kuizungusha kranki kwa mkono wake kabla ya kulipa. Huko ikiwa nafuu, tutume fedha, tusitume chuma. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Na upishi huu ni wa watoto wetu.