Moto Ulipasua, Maji Yanabomoa

Maji yakipwa katika pwani ya Antrim, Ireland ya Kaskazini, hujitokeza kitu kama sakafu iliyopangwa na fundi. Ni vichwa vya nguzo za mawe meusi zipatazo 40,000, zimebanana bega kwa bega hadi zinapotumbukia baharini. Nyingi zina pande sita, nyingine tano au saba. Hapa ndipo Giant's Causeway, urithi wa dunia tangu mwaka 1986. Wenyeji husimulia kuwa jitu Finn McCool ndilo lililojenga njia hii ili livuke kwenda Scotland.

Fundi wa kweli alikuwa moto. Miaka milioni 60 hivi iliyopita, lava ilitiririka ikatuama bondeni. Tazama tope la bwawa wakati wa kiangazi: likikauka hunywea, likinywea hupasuka. Lava nayo hunywea, ila kinachoipotea ni joto, si maji. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool walionyesha kuwa mwamba wa aina hii, basalti, hupasuka ukiwa kwenye nyuzi 840 hadi 890 za Selsiasi, yaani umeshaganda lakini bado ni moto mkali. Nyufa huanza juu na chini, palipopoa kwanza, kisha hupenya ndani kulifuata joto linavyorudi nyuma. Zinapokutana tatu tatu kwa pembe zinazolingana, mwamba hugawanyika katika nguzo za pande sita.

Nguzo hizo pia zimekatika kwa mapana, pingili kwa pingili kama muwa. Mara nyingi pingili moja ina kichwa kilichobonyea, na ya juu yake ina kitako cha mviringo kinachokaa humo barabara. Pingili ya juu ikishang'oka, kile kibonyeo hubaki wazi kama kisahani, na maji yakipwa huacha humo kidimbwi cha chumvi.

Kwa hiyo bahari haikuchonga umbo hata moja hapa. Kazi yake ni kupita kwenye nyufa zilizokwisha kuwepo, kujaa na kupwa, hadi kipande kilegee na wimbi la dhoruba likimalize. Ng'ambo, kwenye kisiwa cha Staffa huko Scotland, nguzo za namna hiyohiyo zimeshatobolewa na bahari hadi pakawa na pango refu, Fingal's Cave. Hadithi ya jitu haikukosea ncha mbili za njia. Ilikosea fundi tu.